Albamu ya Tembo wa Tabora

Zénon Kambale hakwenda kanisani Jakobsberg kutubu. Alikwenda kwa sababu baada ya ibada ya Kiswahili, inayofanyika mara moja kwa mwezi, kina mama huandaa pilau, sambusa na kahawa, na mtu anayeishi kwa ulimi wake hana budi kuwapo pale watu wanapokaa wakashiba. Tumbo likijaa, masikio hufunguka. Hilo alilijua tangu Butembo, kwao Congo, na miaka aliyokaa Stockholm haikumpa sababu ya kubadili imani.

Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio na koti refu la sufu lililomfanya aonekane kama wakili anayesubiri mteja. Kazi hakuwa nayo, ila vyeo alikuwa navyo tele. Alikwisha kuwa dalali wa nyumba zisizo zake, fundi wa kompyuta asiye na kompyuta, na kwa majuma machache mweka hazina wa kwaya ambayo haikupata kuimba hata ubeti mmoja. Katika yote hayo hakupata kumwibia maskini. Si kwa huruma. Ni kwamba maskini hana cha kuibiwa, na akiibiwa hupiga kelele kuliko tajiri.

Jumapili hiyo ya Januari theluji ilikuwa imefika magotini, na watu walikuwa wamejazana ukumbini wakiota moto wa sahani zao. Zénon alikuwa anatafuta pa kuketi ndipo aliposikia neno dhahabu. Hata likitamkwa polepole kiasi gani, neno hilo halikosi kumfikia mwenyewe.

Aliyelitamka ni Mama Domina, mjane Mtanzania mwenye nywele nyeupe alizozikata fupi, mstaafu aliyekuja Uswidi kusoma miaka ya sabini akabaki. Alikuwa ametoa mkobani kifuko laini cha plastiki chenye sarafu ya manjano na kukiweka katikati ya sahani mbili za pilau.

"Huyu ndiye tembo wa Tabora," aliwaambia wanawake wawili waliokaa naye. "Mjerumani alimpiga mwaka elfu moja mia tisa kumi na sita, kwenye karakana ya reli, vita vimembana huku na huku. Rupia kumi na tano. Mimi siyo mtu wa kukusanya miaka, nakusanya aina. Sarafu moja ya kila aina iliyopita kwetu, kuanzia pwani hadi Congo. Moja tu, basi. Lakini huyu ndiye mfalme wao."

Wanawake waliguna kwa heshima kisha wakarudi kwenye habari ya harusi. Zénon hakurudi popote. Alimtazama yule tembo mdogo aliyenyanyua mkonga mbele ya milima, manjano yake yakiwa mazito kama asali, naye akahisi amekutana na ndugu aliyepotea siku nyingi.

Kuhusu sarafu hakujua chochote zaidi ya kuzitumia. Lakini mjanja wa kweli haanzi na anachokijua, huanzia pale jicho lilipotua, na jicho lake lilikuwa limetua kwenye plastiki. Alisogeza kiti.

"Samahani, Maman," alisema kwa sauti ya chini. "Hicho kifuko ulipewa na nani?"

"Kwani kina nini?"

"Hapana, basi. Kula kwanza. Sipendi kumharibia mtu chakula."

Hakuna mwanadamu aliyeambiwa hivyo akaendelea kula. Mama Domina aliweka uma chini. "Sema, baba."

Zénon akashusha pumzi kama daktari aliyeshika majibu. Alieleza kwamba zamani, kabla ya vita kumtupa huku, alikuwa akishughulika na sarafu za jumba moja la makumbusho Ubelgiji, na huko plastiki laini kama hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kama sigara. "Inatoka jasho, Maman. Kidogo kidogo. Jasho lile lina tindikali. Linakula sarafu, na mwenyewe huoni mpaka siku umeshachelewa. Zile nyingine umezitunza wapi?"

"Kwenye vifuko hivi hivi. Faili zima."

Zénon alifumba macho kwa huzuni. Huzuni ile ilikuwa nzuri sana. Ilimgharimu miaka ya mazoezi.

"Kunahitajika albamu," alisema. "Albamu salama."

Kesho yake alikwenda maktaba, akakaa mbele ya kompyuta ya bure ili ajifunze lile alilokwisha kulieleza. Ndipo alipopata mshtuko. Uongo wake ulikuwa kweli. Plastiki laini kweli hutoa tindikali, hujenga utandu wa kijani unaonata, na huitafuna shaba kama kutu. Wakusanyaji wa dunia nzima walikuwa wakililia jambo hilo mtandaoni. Zénon hakupata kusema ukweli kwa bahati mbaya namna hii tangu utoto wake, na lilimsumbua kidogo, kama mtu aliyetia mkono katika mfuko wa mwenzake akakuta mkono wa mwenzake umo katika wake.

Lakini alijifariji. Ukweli ni mtaji kama mtaji mwingine. Aliendelea kusoma hadi maktaba ilipofungwa, kisha akaagiza mtandaoni nakala ya tembo wa Tabora, ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, aina ile wanayouziwa watalii.

*

Zénon alikuwa anaishi Norsborg, mwisho kabisa wa laini nyekundu ya treni ya chini ya ardhi, kwenye chumba cha nyuma cha Hortense, binti ya mama yake mdogo. Hortense alikuwa msafishaji uwanja wa ndege wa Arlanda. Kila siku alilivuka jiji zima kutoka kusini hadi kaskazini, na alirudi nyumbani akiwa hana nguvu za kudanganywa.

"Albamu?" aliuliza alipoelezwa mpango, akiwa anavua viatu. "Umeanza kupiga picha?"

"Albamu ya sarafu. Nitampelekea, nitamsaidia kuzihamisha, na katika kuhamisha, tembo mmoja atahama kweli kweli."

"Mama wa watu. Mjane."

"Hortense, atabaki na tembo. Atakuwa anamtazama kila siku na kufurahi. Furaha yake haipungui hata chembe."

Hortense alikaa kitako. "Bon. Sikiliza, ndugu yangu. Nimekuombea kazi kwenye ghala la mizigo, Märsta. Wamekubali. Unaanza Jumatatu ya kwanza ya Machi, saa kumi na mbili asubuhi. Usipokwenda, chumba kile natia mpangaji anayelipa."

Wengine wanaogopa jela. Zénon aliogopa saa kumi na mbili asubuhi. Aliona mbele yake viatu vyenye chuma puani, fulana ya manjano na treni imejaa watu wanaosinzia, na kuanzia hapo tembo hakuwa tena starehe. Alikuwa wokovu.

*

Nyumba ya Mama Domina ilikuwa mwendo mfupi kutoka kituo cha treni cha Jakobsberg, ghorofa ya pili, ina joto na harufu ya iliki. Alileta faili lake mezani akalifungua, na Zénon, aliyekuja na maneno yake tayari, akainama kutazama. Pesa ndogo ya shaba ya Zanzibar, ile yenye picha ya mizani, ilikuwa imeota ute wa kijani kama mwani. Heller, senti ya Mjerumani, nayo ilikuwa imeanza madoa. Senti ya tundu ya enzi ya Mwingereza ilikuwa imegandia kwenye kifuko.

"Ulisema kweli," Mama Domina alisema taratibu. "Mungu akubariki."

"Amina," Zénon alisema.

Akatoa albamu ya kwanza. Aliinunua kwenye duka la stempu na sarafu katikati ya jiji, ya bei ya chini kabisa, maana mpango wake ulikuwa rahisi: katika nchi hii iliyobarikiwa ukinunua kitu ukatunza risiti, unaweza kukirudisha. Waswidi huita *öppet köp*. Angemwachia mjane albamu siku chache, angembadilishia tembo, kisha angetafuta kisingizio cha kuichukua albamu na kurudishiwa fedha yake.

Mama Domina aliipokea, akaifungua, halafu akafanya jambo ambalo Zénon hakulitarajia. Alisogeza pua akanusa.

"Inanukia pazia la bafu jipya."

"Ni upya tu, Maman."

"Kanisani ulisema plastiki salama haina harufu. Laini, yenye harufu, ndiyo yenye jasho. Au nilikusikia vibaya?"

Alikuwa amemsikia vizuri sana. Zénon aliirudisha dukani siku hiyo hiyo.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiswidi aitwaye Birger, mwenye ndevu za kijivu na subira ya mtu ambaye maisha yake yote ameyapitisha na vitu vidogo. Aliipokea bila swali, akamwonyesha nyingine, ya kadi ngumu yenye matundu na madirisha ya plastiki ya kusukuma.

Mama Domina aliijaribu kwa shilingi tano ya Tanzania, ile ya zamani yenye pembe kumi. Alisukuma dirisha mbele, akalivuta nyuma, akainua sarafu akaitazama dhidi ya mwanga.

"Tazama. Dirisha linapita juu ya uso wake. Kila nikitaka kumwona tembo nitamkwaruza. Mwaka mmoja tu atafanana na sakafu ya kituo cha treni. Na hii kadi je, haina tindikali?"

"Nadhani haina."

"Unadhani." Alimrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. "Sarafu ya fedha inageuka nyeusi kwenye kadi mbaya, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha, sasa usinichoke."

Albamu ya tatu ilikuwa nzuri. Kurasa ngumu zisizo na harufu, kadi safi iliyothibitishwa, madirisha yasiyogusa. Zénon aliibeba kwenye treni mapajani kama mtoto mchanga. Mama Domina alikubali kila kitu hadi alipofika kwenye faranga mbili za Congo ya Mbelgiji, ile ya wakati wa vita, yenye pembe sita na tembo wake mwenyewe. Matundu yote yalikuwa ya mviringo.

"Hii ya kwenu haina pa kukaa," alisema.

"Tunaweza kuiacha nje, Maman. Moja tu."

"Mkusanyo wa aina, ukiacha aina moja nje, si mkusanyo. Ni mabaki." Kisha akamtazama kwa macho ya huruma. "Na wewe Mkongomani ndiye unayeniambia niiache Congo nje?"

Ajabu ni kwamba Zénon alikasirika, na siyo kwa ajili ya mpango wake. Aliona kweli haifai. Njiani kurudi alijikuta anabishana moyoni kuhusu matundu yenye pembe sita, na kituo cha kubadili treni kikampita.

"Mteja wako anajua anachokitaka," Birger alisema, akipokea albamu ya tatu.

"Anajua kupita kiasi."

"Basi kuna hii moja tu." Mzee aliinama chini ya kaunta.

Haikuwa albamu tena, ilikuwa kasri. Jalada la ngozi nyekundu iliyokolea, ndani ya sanduku lake la kuzuia hewa na vumbi. Kila sarafu ingelala ndani ya kikasha chake cha duara, kigumu, angavu kama kioo, na kuzungukwa na pete ya sponji iliyokatwa kwa kipimo chake yenyewe. Pande zote mbili zingeonekana, na hakuna kitu ambacho kingegusa uso. Pete za pembe sita na za pembe kumi Birger angezikata kwa mkono. Ila ingekuwa kazi ya kuagizwa, na kazi ya kuagizwa hairudishwi.

Bei ilimfanya Zénon ashike kaunta.

Alikwenda kukaa kwenye benchi la kituo akapiga mahesabu ya moyo. Machi ilikuwa inakaribia. Nakala ya tembo ilikuwa imefika, imelala kwenye soksi yake. Mjane alimwamini, alimpikia, alimwita baba. Kilichomtenga yeye na dhahabu kilikuwa albamu, kitu cha kuwekea vitu. Mtu hawezi kushindwa na kitu cha kuwekea vitu.

Aliuza koti la sufu. Aliuza pia saa iliyokuwa inamfanya aonekane mtu mwenye haraka. Watu wawili waliovinunua walikuwa na furaha sana, jambo lililomwambia kuwa kauza kwa hasara. Akarudi dukani amevaa jaketi la zamani la mume wa Hortense aliyeondoka, lenye mikono mifupi kuliko yake.

Ombi la mwisho la Mama Domina lilikuja kwa simu. Alitaka jina lake liandikwe kwenye jalada kwa herufi za dhahabu.

"Jina la nini, Maman?"

"Nikifa, watu wajue ilikuwa ya nani."

Zénon aliyemeza maji yote hayo hakuona sababu ya kukataa tone.

*

Siku ya kuhamisha waliketi mezani kuanzia baada ya kanisa. Zénon alivaa glavu nyeupe za pamba. Alizishika sarafu kwa kingo tu, kama alivyosoma, akazilaza moja moja ndani ya pete zake, akafunga kila kikasha mpaka kikalia *tik*. Mama Domina alikuwa amekwisha kuzisafisha zile zilizoota utandu, kwa namna ambayo Zénon hakuuliza. Hakuwa na tabia ya kuwauliza watu; alikuwa na tabia ya kuwaeleza.

Alifika kwenye sarafu ya shaba ya Congo, ya enzi za yule mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya nchi shamba lake. Tundu katikati, nyota nyuma.

"Hiyo niliipata kwa padri mmoja Bukoba," alisema Mama Domina. "Huwa najiuliza ilipita mikono ya nani. Mtu alifanya kazi gani ya kikatili apewe hiyo. Ndiyo maana sizikusanyi nyingi nyingi. Moja ya kila aina inatosha kusema habari yake."

Zénon aliishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Babu wa babu yake huenda aliwahi kushika kama hiyo, au alipigwa kwa kukosa kuwa nayo. Kwa muda mfupi alitamani mambo yaishie hapo, akiwa ni mtu mwenye glavu nyeupe anayejua kazi yake, na mwanamke aliyeketi mbele yake anamshukuru.

"Ngoja nigeuze maandazi," mama alisema, akaenda jikoni.

Muda ule mfupi ukaisha. Mkono wa kushoto ulimtoa tembo kwenye kifuko cha plastiki, wa kulia ukamweka wa shaba ndani ya pete yake. *Tik.* Mama Domina aliporudi na sahani, tembo alikuwa amelala kwenye kasri lake na jina la mwenye nyumba liking'aa juu ya jalada.

"Amependeza," alisema.

"Sasa yuko salama," alisema Zénon, na mwenzake wa kweli alikuwa tayari kwenye soksi.

Birger alimtazama yule tembo Jumatatu asubuhi. Hakuvaa hata miwani yake. Alimweka kwenye mizani ndogo, akatikisa kichwa, kisha akamgeuza akachungulia ukingo.

"Jaha," aliguna kwa Kiswidi. "Huyu tena."

"Tena, namna gani?"

"Nimewahi kuletewa wengine kama huyu. Ni kazi ya mkono mmoja. Si dhahabu, ni shaba na madini mengine, imepakwa dhahabu kidogo tu juu. Lakini kazi nzuri mno. Mkonga tu ndio unamsaliti, fundi ameufanya mzuri kuliko wa Mjerumani." Akamrudishia kwa upole. "Mwishoni wote hunieleza habari ya mama mmoja Jakobsberg."

Zénon alitoka nje. Upepo wa Februari ulipita kwenye mikono mifupi ya jaketi kana kwamba hakuna jaketi. Alisimama hapo akiwa ameshika kipande cha shaba alichokinunua kwa koti lake, saa yake, nauli zake na albamu bora kuliko zote zilizopata kutoka dukani kwa Birger. Alitaka kupiga kelele. Ila mwizi atamshtaki nani, kwa kosa gani? Atasema aliiba kitu akakuta si kitu?

Alipanda treni ya Jakobsberg.

*

Mama Domina alifungua mlango kabla ya kengele kumaliza kulia. Mezani palikuwa na vikombe viwili.

"Karibu, baba. Umepigwa na baridi. Koti lako zuri liko wapi?"

"Liko kwa fundi," alisema Zénon. "Nilikuwa napita, Maman. Nikasema niangalie kama albamu inakaa vizuri."

"Inakaa vizuri sana." Akaileta. Akafungua ukurasa wa katikati. Tembo alikuwamo ndani ya pete yake, na mara hii hata Zénon, aliyewaona wawili wa uongo, alielewa tofauti. Rangi yake haikupiga kelele. Ilikuwa imetulia tu, ya mtu asiye na haja ya kuthibitisha lolote.

"Huyu..."

"Huyu ndiye. Yule ninayetembea naye mkobani nilimtengeneza mwenyewe." Alimmiminia chai. "Hukuwahi kuniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, mwanangu. Nimewatengenezea Waswidi meno ya bandia hadi nikastaafu. Mtu anayeyeyusha madini na kutoa jino la mbele ambalo mke wa mtu halitambui, tembo atamshinda? Wa kweli hajawahi kwenda kanisani."

Kisha akatoa kile kipande cha watalii ambacho Zénon alimwachia, kilichokuwa kwenye sahani ya kikombe, akakisogeza kwake kwa kidole. "Na huyu chukua. Samahani kusema, ila masikio yake yamevimba."

Zénon aligeuza uso pembeni. Aliona kwa mara ya kwanza vitu vilivyokuwa chumbani mle. Taa ya kukuza vitu iliyobanwa kwenye meza, ya aina ghali. Mizani ndogo ya kidijitali chini ya kitambaa. Kwenye kona, sanduku la chuma lenye namba za siri.

Mama Domina alifuata macho yake. "Ile taa aliniletea jamaa mmoja kutoka Nairobi. Alisema bila taa ile nitaibiwa. Mizani niliipata kwa mtu aliyejiita mchungaji. Sanduku lilibebwa hadi hapa juu na watu wawili, lifti ilikuwa mbovu, nikawahurumia. Wote wataalamu. Wote waliondoka na tembo." Akanywa chai. "Pensheni yangu ni ndogo, Zénon. Albamu kama ile nisingethubutu kuinunua hata ningeota."

"Kwa nini hukuita polisi?"

"Waje wafanye nini? Umeniibia nini? Shaba ya kopo na jasho la mikono yangu. Wewe umeniletea albamu, umenifundisha habari ya plastiki ambayo kweli sikuijua, umeniokolea pesa ya Zanzibar. Ningekushtaki ningeonekana mtu asiye na shukrani."

Zénon alijaribu kukasirika. Alitafuta hasira mahali pote anapoitunza, akakuta kicheko kimekaa kwenye kiti chake. Kilianza tumboni, kikapanda, na alipokiachia mama naye alianza, mkono kinywani, mabega yakitikisika, mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa.

"Ile ya pembe sita," alisema Zénon akijifuta macho. "Niliacha treni ikanipitisha kituo kwa sababu ya ile ya pembe sita."

"Nilijua hapo ndipo umenasa. Ulikasirika kweli. Mwizi mtupu asingejali." Alikata keki. "Sasa utafanya nini?"

"Jumatatu ijayo naanza kazi ghalani, Märsta. Dada yangu amenitafutia. Saa kumi na mbili asubuhi."

"Kazi si kifo."

"Hujaiona ile fulana, Maman."

Wakala keki. Nje, theluji ilianza tena kwenye taa za uwanja wa kituo, na treni ya mjini ikapita bila haraka. Mama Domina alifunga albamu, akapitisha kiganja juu ya jina lake, akairudisha ndani ya sanduku lake.

"Hapa nimekamilika," alisema. "Isipokuwa darubini ndogo. Hadubini. Ile ya kuonyesha mistari ya kupigwa kwa sarafu. Nzuri ni ghali mno."

Zénon aliinua uso. Kitu kilikuwa kinaamka ndani yake, kile kile kilichoamka siku zote mbele ya mlo wa mtu mwingine, ila mara hii kiligeukia upande asioujua.

"Huko Märsta," alisema polepole, "kuna Mkongomani mmoja anaitwa Désiré. Hujiita daktari."

"Daktari wa nini?"

"Inategemea mgonjwa."

"Ana tamaa?"

Zénon alifikiri kwa haki, maana hakutaka kumsingizia mwenzake. "Maman, mimi mbele yake ni mtawa."

Mama Domina aliukoroga mchanganyiko wa chai na maziwa mara nyingi kuliko ilivyotakiwa. "Ibada ijayo ni Jumapili ya tatu ya Machi," alisema. "Pilau itakuwapo."

"Na mimi nitapata nini?"

"Wewe utakaa meza ya pili na sahani yako, umsikilize anavyonieleza habari za hadubini."

Zénon aliyapima malipo hayo. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuahidiwa mazuri kuliko hayo na kuyaamini. Akasogeza sahani apate kipande kingine cha keki.